Bei ya Gari la Kaka

6 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wa wodini, na kwamba mgongo umepoa. Sisi tunapumua. Pacha wako bwenini, wanapiga simu wakiishiwa hela tu, kwa hiyo ni wazima.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana maneno, halafu kaka yako siku hizi amekuwa masikio matupu. Nikinong'ona jikoni, ananijibu kutoka sebuleni. Karatasi ndiyo hawezi kuisoma tena. Na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Daktari amesema ni presha ya macho. Dawa ya matone italinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Anaona mwanga, anaona kuna mtu mlangoni, lakini sura haipati mpaka nisogee karibu. Kuendesha gari ndiyo basi. Daktari alimwambia, "Mzee, funguo mpe mama." Tulipofika nyumbani akaenda kukaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje, mpaka chakula kikapoa.

Sasa gari linakaa tu uani, matairi yanalala, na matone yenyewe si bei ya mchicha. Nimeona tuliuze. Kwenye karatasi ya bima limeandikwa laki sita. Mimi si mlafi, nimesema laki tano. Unajua nilipomwambia alinijibu nini? "Mwambie kwanza dada." Hakusema tufikirie, hakusema nimechoka mke wangu. Mwambie kwanza dada.

Haya, nimekuambia.

Wifi yako wa cherehani

*

15 Februari

Wifi yangu,

Barua nimeipata, asante. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Wape pacha salamu zangu.

Niliisoma kwenye chumba cha dawa, nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimepoteza mgonjwa. Halafu nikakasirika. Presha ya macho haikuanza jana. Mimi ni muuguzi, na ni dada yake wa pekee, inakuwaje nasikia mambo yakiwa yameshaharibika? Wewe unayelala na kuamka naye hukuona anavyopapasa vitu? Nisamehe, lakini nimeshaandika na sifuti.

Kuhusu gari, usiliuze kwa mtu baki. Tulikwenda kulichagua mimi na yeye, wewe tulikuwa hatujakusikia hata jina. Nililikagua kwa macho yangu, na yeye hakutoa hela mpaka nilipotikisa kichwa kukubali. Nitalinunua mimi.

Ila laki tano, wifi! Hiyo laki sita ya bima siyo bei. Wakala anaandika namba unayomtajia, kisha anakukata malipo kufuatana na hiyo namba. Ukitaka kujua bei, uliza magari ya umri ule ule yanauzwa ngapi, kisha toa kutu, toa kilomita, toa kila kitu kinachopiga kelele. Mimi naona laki mbili na nusu, tena kwa sababu ni damu yangu. Nakutumia fundi wa karakana ya hospitali yetu, tunamwita Spana. Yeye hadanganyi mtu. Mpikie chai tu, atakuambia.

Wifi yako wa wodini

*

2 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kidogo. Endelea kusoma ujue kwa nini.

Spana wako alifika Jumamosi. Nami sikutaka kukaa kama gunia. Nilikuwa nimemwita mkadiriaji wangu kutoka ofisi ile ile ya bima, kijana mwembamba mwenye tai na tochi. Wakakutana uani kwangu kama majogoo wawili. Mmoja amelala chini ya gari, mwingine ameinama kwenye injini, na kila mmoja anasema kwa sauti ili mwenzake asikie.

"Bodi nzima imeoza huku chini!"

"Injini ni ya kiwandani, haijabadilishwa!"

"Shokapu zimekufa!"

"Viti ni vile vile vya kwanza, tazama!"

Kaka yako alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Sikumtoa pale, wifi, na nilipaswa kumtoa. Alikuwa anageuza kichwa kwa huyu, anageuza kwa yule, kama mtu anayesikiliza majirani wakimjadili wakidhani hayupo.

Nilimuuliza mkadiriaji kuhusu ile laki sita. Nakiri umesema kweli, na imeniuma kwamba wewe ndiye uliyesema. Akanieleza, "Mama, gari hili likiungua leo, tutalipa bei ya sokoni ya siku hiyo. Laki sita ni namba aliyoitaja mzee, na sisi tumekuwa tukipokea malipo yake. Alikuwa anatupa zaidi bure. Angeiteremsha, ila siyo kupita kiasi, maana ukiandikisha chini ya bei halisi, likigongwa taa tu unalipwa kipande." Nikamgeukia kaka yako, nikamwambia mbele za watu, "Miaka yote hiyo unawapa watu hela za bure?"

Akajibu polepole, "Sikutaka mtu aandike mahali kwamba limeshuka."

Spana akajifanya anatafuta kitambaa.

Mwishowe wangu alisema laki nne na nusu, wako laki mbili. Laki mbili, wifi! Umemfundisha njiani? Kaka yako akanyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani. Tangu siku hiyo anajibu "ndiyo" na "hapana." Lakini jana nilimkuta garini, na unajua alikuwa anaongea na nani? Anasimulia peke yake, "Dada alisema tuchukue hili, lile jingine lina sauti ya kikohozi." Nimeishi naye muda wote huu, na hakuna safari hata moja ndani ya gari lile ambayo hukuwemo.

Wifi yako wa cherehani

*

9 Machi

Wifi,

Salamu. Niko zamu, naandika kwa haraka.

Spana sikumfundisha, wala simfahamu huyo mwembamba wako mwenye tai, ambaye kwa maoni yangu ulimpa chai kubwa kuliko ya Spana. Natoa laki tatu. Ni zaidi ya haki, na najua unajua.

Unasema nimo katika kila safari. Na wewe je? Sikukuu zote yuko kwako, akiumwa yuko kwako, akicheka siku hizi nasimuliwa. Mimi nimebakiwa na bati lenye magurudumu, na hilo nalo unanipandishia bei.

Mwambie kaka anipigie. Namba yangu anaijua kwa kichwa.

Wifi yako wa wodini

*

21 Machi

Wifi yangu mpendwa,

U hali gani? Kaa chini kabla hujaendelea.

Gari limeuzwa. Sikuliuza mimi. Ameliuza yeye mwenyewe, nikiwa kwa mteja kupima sare za shule. Nimerudi, nakuta uani peupe, pamebaki doa la oili. Yeye amekaa kwenye kigoda, amevaa shati la kutokea, anakunywa chai.

Mnunuzi ni mwanamke.

Ana shule ya udereva ng'ambo ya uwanja wa mpira, watu wanamwita Madam Breki. Alikuja kuulizia, na kaka yako, badala ya kumwambia asubiri mwenye nyumba arudi, akaanza kumtajia kasoro zote. Gia ya tatu inagoma asubuhi ya baridi. Kutu iko chini ya mlango wa kushoto, weka kidole hapa utaisikia. Injini imefunguliwa mara moja. Hata lile la bima akalisema. Mama huyo akauliza, sasa bei gani? Yeye akamjibu, "Mtu wa mke wangu amesema laki nne na nusu, wa dada yangu amesema mbili. Wote hawakuliendesha. Liendeshe kwanza."

Wakaenda, wifi. Wawili. Wamezunguka soko, wamepanda mlima wa tangi la maji, na yeye kiti cha pembeni anamwambia hapa badili, hapa acha litembee lenyewe. Wakarudi wamekubaliana laki tatu na nusu. Nikamuuliza umejuaje kwamba hiyo ndiyo haki? Akasema, "Ni bei ambayo nikiipokea naweza kukutana sokoni na aliyenunua, na hakuna atakayevuka barabara kumkwepa mwenzake." Na mama huyo amelikatia bima kwa hiyo hiyo laki tatu na nusu, hakuongeza, hakupunguza. Kaka yako aliniambia hilo kama mtu anayesifia mkwe.

Hela zote amenipa mkononi. Lakini bado sijamaliza. Huyo Madam amempa kazi. Anakaa garini na wanafunzi, anawafundisha kwa kusikiliza, huku mwalimu mwenye macho amekaa nyuma katikati, tayari kuvuta breki ya mkono. Kila Jumanne na Alhamisi mwanamke anakuja kumchukua mlangoni kwangu. Anapiga honi, na mume wangu anatoka mbio kama ana macho sita. Amenunua manukato.

Wifi, nifanye nini?

Wifi yako wa cherehani

*

27 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Pole sana, pole tena. Nimeisoma barua yako nikasahau kwamba tumegombana.

Huyo mama ana umri gani? Ana mume? Anavaa nini kazini? Kaka yangu hakuwahi kununua manukato, hata siku ya harusi nilimpaka mimi. Na amenipigia juzi, unajua? Nikasema hatimaye amenikumbuka. Dakika nzima, Madam amesema hivi, Madam ana mkono mwepesi kwenye usukani. Mkono mwepesi! Mimi mkono wangu hakuwahi kuusifu. Nilimwambia mtandao mbaya, nikakata simu.

Mimi na wewe tumevutana miguu na mikono, kumbe kuna mtu wa tatu anapita katikati na kubeba mzigo. Nenda kaangalie. Usitume mtu, nenda mwenyewe, halafu uniandikie kila kitu hata kama kitaniuma.

Wifi yako, mwenye wivu kama wewe

*

24 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mgongo wako. Najua nimekuweka roho juu kwa kukaa kimya, nisamehe. Kila nilipoanza kuandika nilichana.

Nilikwenda uwanjani, nikajificha nyuma ya kibanda cha vocha. Madam Breki ni mtu mzima kutuzidi, mnene, ana viatu vya raba na filimbi shingoni, anawafokea wanafunzi kama watoto wa chekechea. Kaka yako hata hamwangalii, maana hamwoni. Nilipaswa kupoa. Sikupoa. Gari lilisimama karibu na nilipo, nikamsikia anavyozungumza na msichana aliyeshika usukani. Taratibu, kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu pacha walipokuwa wachanga. Nyumbani kifuniko kikinidondoka anauliza, "Nini tena hicho?" Pale mtu anaingiza gia inalia kama nguruwe, anamwambia, "Si kitu, umejaribu."

Nilirudi nyumbani na jambo hilo kifuani. Wiki iliyofuata nikamfuata Madam ofisini kwake. Nikamwambia mimi ni mke wa yule mzee, nataka kujifunza, ila asimwambie. Akanitazama sana, akaandika jina langu, akasema, "Alhamisi. Na ukigonga mti wangu utaulipa."

Alhamisi nikaingia garini. Sikupaka mafuta yangu, nilivaa viatu vya jirani, sikufungua mdomo. Madam akaketi nyuma, akasema, "Huyu ni mwanafunzi mpya, ana aibu, hasemi."

Kaka yako akageuza uso upande wangu. Akasema, "Karibu sana, mama. Usiogope. Gari hili limeshazoea watu wanaoogopa."

Akaniambia nisogeze kiti, nishike usukani kama ninavyoshika kitu changu. Nikawasha, likazima. "Si kitu." Likazima tena. "Si kitu, mama, hakuna aliyekufa. Pumua kwanza, hatuna haraka ya kwenda popote." Mimi machozi yananitoka. Nilimwonea wivu yule mwanafunzi kuliko nilivyowahi kukuonea wewe. Mwanafunzi mwenyewe ni mimi, na bado nilitamani kumshusha nikae mahali pake.

Tukaondoka hatimaye, tunaruka ruka kama chura. Tukafika mwisho wa uwanja. Akanyoosha mkono, akaupapasa wangu juu ya gia, akasema, "Sasa, Mama Pacha, klachi iachie polepole, unavyokanyaga cherehani yako."

Likazima pale pale.

Nikamuuliza, "Umenijua lini?"

"Ulipofunga mlango. Ni wewe peke yako unayeufunga mlango wa gari hili mara mbili."

"Na muda wote huo unaniita mama, unanikaribisha kama mgeni?"

"Ulikuja kama mgeni," akasema. "Nikaona nikukaribishe."

Madam Breki nyuma akapenga kamasi kwa kishindo, akasema muda wa somo unakwenda.

Nimelipia mwezi mzima. Gia ya tatu bado inanishinda. Na nyumbani jana kifuniko kilinidondoka, nikasubiri nisikie atasema nini. Akasema, "Si kitu, mama." Mpaka nikaegemea ukuta.

Wifi yako wa cherehani

*

3 Mei

Wifi yangu,

Salamu. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, wagonjwa wananipita. Nilipofika pale alipokukaribisha nikaikunja, nikaenda kunawa uso, kisha nikarudi kuimalizia.

Nimefurahi kwa ajili yako. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine nadhani unaijua kuliko mtu yeyote.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nafika Jumatano jioni, nitalala kwenye nyumba ya wageni, siyo kwenu. Tafadhali mwone Madam Breki aniandikishe somo la Alhamisi. Leseni ninayo tangu kabla hujaolewa, na dereva wa gari la wagonjwa akichelewa huwa naliendesha mimi. Lakini mwambie aandike kwamba ni mama fulani, mwoga, hajawahi kushika usukani maishani mwake.

Kaka asijue. Nawe, wifi yangu, nakuomba kwa heshima zote, siku hiyo baki nyumbani.

Wifi yako