Mama Atu, Insha ya Mwanao Nimeitupa Mimi

Mama Atu wangu,

Leo ni siku ya sita nina hasira, na nimekosa wa kumwagia. Wewe ndiye ungenisikiliza bila kunikata kauli. Au tuseme ungenikata, lakini baada ya kuniwekea chai. Huu mwaka wa tatu tangu tukuzike, na bado nikikorofishwa nageukia upande wako wa meza. Nyumba yetu ya Vårby gård, hapa Uswidi, sasa ina watu wawili wasiosemeshana. Mwanao akitaka maji jikoni, anasubiri mpaka nitoke.

Habari yenyewe ni hii. Atu anamaliza darasa la tisa. Mwezi wa nane anaingia sekondari ya juu, hiyo wanayoiita gymnasiet, na shule anayoitaka ina darasa la Kiingereza la wanafunzi hodari. Wanachosoma wenzao kwa miaka miwili, wao wanakimaliza kwa mwaka mmoja. Kuingia si lazima. Mtoto anachagua mwenyewe ndiyo au hapana, mzazi anatia sahihi. Ila kwanza anatuma insha moja walimu waisome: andika juu ya mtu unayemjua vizuri.

Insha ya Kiingereza! Unanijua. Miaka tisa nilisimama mbele ya ubao kule Tukuyu, hapa nafunga viti vya malori kiwandani Södertälje, na vyeti vyangu vya ualimu viko kwenye bahasha ileile uliyoiandika kwa mkono wako "usikunje". Huyu mtoto kwa Kiswidi ananizidi, kwa hesabu ananizidi, hata simu yangu ikigoma ni yeye anaitengeneza. Kiingereza ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumpa. Nikasema, alhamdulillah na haleluya, hapa ndipo pangu.

Nikamwanzishia mazoezi. Kila siku nikitoka kazini, nusu saa ya ufahamu, muhtasari na nyakati za vitenzi, kama watoto wa kidato cha nne wanaosubiri mtihani wa taifa. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi, tunasoma Kiingereza. Alivumilia wiki tatu. Siku moja aliniambia hakuna mtu anayeandika hivyo siku hizi. Nikamjibu ndiyo maana siku hizi hakuna anayejua kuandika.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akaniletea karatasi mbili kwa mwandiko wake ule wa kulala. Alikuwa amekuandika wewe.

Unakumbuka ulipokuwa unajiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi? Kila jioni unasoma Kiswidi kwa sauti pale mezani, mimi nimekaa ubavuni, na ukikosea tu kidole changu kimeshatua kwenye ukurasa. Kiswidi sikukuzidi hata kidogo, ila nilikuwa na kamusi na ubishi. Siku moja ukafunga kitabu, paa! Ukasema, "Baba Atu, kalia mikono." Nikadhani utani. "Nimesema kalia mikono, nisome." Nikaikalia, mtu mzima na ndevu zangu, na Atu wa miaka sita akacheka mpaka akamwaga maziwa. Ikawa sheria ya nyumba. Miezi minne niliikalia hivyo, mpaka ukafaulu, ukapata kazi hospitali kule Flemingsberg. Siku uliyorudi na kitambulisho kifuani ukanishika bega ukasema, "Haya, sasa waweza kuitoa."

Hicho ndicho alichoandika mwanao. Na mimi nikachukua kalamu nyekundu.

Makosa yalikuwa kumi na moja, niliyazungushia yote. Halafu nikafika hapo pa mikono. Mama Atu, niliona aibu. Niliwawazia walimu wa Kizungu wakimsoma baba mzima anavyokalishwa na mke wake kama mtoto mtukutu. Nikapiga mstari aya nzima. Mahali pake nikaandika kwamba marehemu mama yake alikuwa kielelezo cha bidii na nidhamu. Juu kabisa nikaweka ule mwanzo wangu niliowafundisha watoto wa Tukuyu, wa jua kuchomoza kwa fahari nyuma ya vilima. Jua gani la fahari, Vårby gård, mwezi wa pili? Nikamwambia, "Nakili hii." Akainakili kwenye kompyuta, akaituma. Zile karatasi zake nikazikusanya na magazeti, nikazishusha kwenye chumba cha taka, kwenye pipa la karatasi, kama mkazi mwema anavyotakiwa.

Jumatano iliyopita tukaitwa shuleni, mimi na yeye. Mwalimu ni kijana mpole, tena wa heshima, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliiweka insha mezani, akasema wanaamini imeandikwa na akili mnemba, hii ya kompyuta inayojiandikia yenyewe. Hakuna mtoto wa miaka kumi na tano mwenye sentensi kama hizi, akasema. Kumbe Jumatatu alikuwa ameshamuuliza Atu peke yake, na Atu hakukana wala hakukubali. Pale mbele yangu akaulizwa tena. Akainamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema papo hapo. Sikusema papo hapo. Nilijifanya nasoma ile insha, naangalia lile jua langu. Ndipo nikasema, "Mashine yenyewe ni mimi." Mwalimu akacheka, akidhani mzaha. Nikamweleza habari ya ubao na miaka tisa. Akaacha kucheka, akanitazama kwa huruma, na bora angeendelea kucheka. Akasema basi Atu aje Jumanne aandike upya, saa moja, kalamu na karatasi, peke yake.

Kwenye treni nikamuuliza mtoto kwa nini alinyamaza siku zote hizo, aitwe mwizi bure. Akajibu kwa Kiswidi huku anaangalia dirisha: "Wangekucheka, pappa." Halafu akasema Jumanne haendi. "Ile ya mama nilishaandika. Wewe ukaitupa."

Nilipofika tu nikashuka kwenye pipa. Jirani yetu Mrundi, yule mliyekuwa mnabadilishana naye unga wa muhogo, akanikuta nusu mwili umo ndani. "Baba Atu, umepoteza pesa?" Nikamwambia nimepoteza insha. "Pole, ndugu yangu. Lori lilipita asubuhi." Nikatoa kichwa.

Sasa unaelewa hasira yangu? Nimemkasirikia mwalimu, aliyesoma kazi ya miaka tisa akaona mashine. Nimemkasirikia mtoto, aliyenificha nyuma yake kana kwamba mimi ndiye mdogo. Nimejikasirikia mimi zaidi ya wote. Na wewe pia, niseme kweli, maana ungekuwepo ungeninyang'anya ile kalamu kabla sijaifungua. Kesho ndiyo Jumanne. Nimegonga mlango wake mara mbili, hajibu. Akikosa hilo darasa, hatakuwa ameshindwa Kiingereza. Atakuwa amenishindwa mimi.

*

Hapo niliachia Jumatatu, nikashindwa kuendelea. Leo ni Ijumaa.

Jumanne aliondoka kabla sijaamka, hakuniaga. Sikujua kama ameenda kuandika au ameenda kuzurura mjini na wenzake. Sikuuliza. Unaweza kuamini? Mimi, sikuuliza siku tatu.

Leo jioni nilikuwa namenya ndizi, akaingia jikoni nikiwa bado nimo. Akaweka mezani bahasha, akatoa karatasi zake na fomu moja. Akasema amekubaliwa. Nikapangusa mikono upesi nizishike zile karatasi, akazivuta upande wake.

"Kalia mikono," akasema. Kwa Kiswahili, Mama Atu. Na sauti yako ileile.

Nikakaa, nikaikalia. Akawa ananifunulia kurasa yeye. Makosa niliyaona tisa, mawili kwenye sentensi moja, na vidole vilikuwa vinaniwasha huko chini, sikufichi. Yale maziwa yamo, kamusi imo, ubishi umo. Mwishoni kulikuwa na jambo ambalo kwenye ile niliyoitupa halikuwemo. Ameandika kwamba wiki ile tuliyokuzika, usiku, aliamka kunywa maji akanikuta mezani peke yangu. Nimekalia mikono, na hakuna aliyekuwa anasoma.

Sikujua kama aliniona. Nililia pale pale, na machozi sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa pale ilipokuwa. Akanifuta yeye kwa kanga yako ya jikoni, kwa nguvu, kama anafuta meza.

Fomu ilikuwa bado haina alama. Nikamuuliza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kumuuliza tangu habari hii ianze, "Wewe unataka?"

"Nataka. Ila kazi zangu huzisomi mpaka nikuombe."

"Na usiponiomba?"

"Basi huzisomi."

Niliudhika, siwezi kusema sikuudhika. Nikaitazama ile kalamu nyekundu kwenye kikombe karibu na dirisha, naye akanitazama ninavyoitazama. Nikasema haya. Akatia alama kwenye ndiyo, akasukuma fomu mbele yangu, akasubiri. Mimi nimeganda, mikono chini ya mapaja.

"Toa mmoja, Baba," akasema, "utie sahihi."

Nimetia, Mama Atu, kisha nikaurudisha. Pumzika mke wangu, mtoto unaye mkali. Barua hii sikuirudia kuisoma, makosa yake yabaki humo humo.

Mumeo, anayejifunza kukaa,
Baba Atu