Fredrick Amekulia kwa Ignas

Ikungi,
Singida.
20 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Damari,

Marahaba, nakuitikia kabla hujanisalimu. Miguu inasemaje huko Urambo? Mimi mzima. Alizeti nimevuna mwenyewe, vijana wa hapa hawanipati. Na barua hii ni mkono wangu, mimi wa darasa la pili.

Jambo langu ni mjukuu wetu Fredrick. Tangu shule zifungwe yuko Kintinku kwa Ignas, babu yake mzaa mama. Juma lililopita nilimfuata. Kijana amerefuka, anainama mlangoni! Ignas akanisimamisha mbele ya watu, “Mzazi mwenzangu, vua hiyo kofia tupimane. Urefu huu ungeutoa wapi wewe? Hii damu yangu na maziwa yangu.” Wakacheka. Fredrick naye akacheka. Chakula chao sikugusa.

Nikarudi kwa Editha, dada yake Fredrick, anayesoma sayansi. Akafungua kitabu. Kumbe mwilini mna vitu vinaitwa kromosomu, arobaini na sita, nusu ya baba, nusu ya mama. Wataalamu wamezipanga makundi saba kwa urefu, ndefu mbele, fupi nyuma. Ile inayofanya mtoto awe wa kiume hutoa baba, nayo iko kundi la mwisho kabisa! Iliniuma, Damari. Nikasema hata humo Ignas kanipita.

Editha akasema, “Lakini babu, hiyo fupi ulimpa baba, baba akampa Fredrick. Babu Ignas hana mkono hapo.” Nikamwambia rudia. Akarudia.

Tena kukua si kushiba maziwa tu. Seli zinagawanyika, na kila mpya inabeba nakala ya zote. Basi Fredrick akiongezeka, na mimi naongezeka humo humo, hata akiwa anakula kwa Ignas. Ignas hayajui haya. Mimi nayajua.

Ila zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe, na hapa hajakanyaga. Wewe bibi yake anakusikia. Mpigie simu aje, hata siku tatu. Usiseme nimekutuma. Akikataa, usiniandikie, nitaelewa.

Nisalimie shemeji Simeoni, na Jesca na wanawe. Mungu akutunze wewe na hiyo miguu.

Kaka yako akupendaye,
Mughwai