Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 10 Februari 1992

Ameitundika! Mikono miwili ya koti, yote ya kushoto, kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Kila mteja anayeingia, Fundi Rutayisire anamwonyesha. Kazi ya Yasmina hiyo, anasema, amemshonea mtu asiye na mkono wa kulia. Wanacheka. Yule mke wa mwanajeshi wa kambi ya Kanombe alicheka mpaka akajifuta machozi.

Nimekosea, sawa. Kitambaa kilikuwa kidogo, huwezi kukikunja ukakata mikono yote pamoja. Unakata mmoja, halafu unaigeuza karatasi ya kipimo, ndipo unapata wa pili. Nilipotaka kuigeuza, akaniita – chai ya mteja. Kisha mkaa wa pasi. Kisha chenji kwa jirani. Niliporudi nikaiweka karatasi vilevile bila kugeuza. Nani alinitoa kwenye meza? Hilo halisemi.

Sasa nimerudishwa kwenye mapindo na vifungo. Kukata, basi. Atanitambua huyu.

Jumanne, 11 Februari 1992

Nimeamua. Saa nzima kila siku, baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Yangu peke yangu. Redio kimya. Komeo mlangoni. Nje nimetundika kitenge chekundu: kikiwa pale, hakuna hodi, hata nyumba ikiungua. Mama ameuliza kama ninaolewa kwa siri.

Nakata mifuko ya saruji, kitambaa sina. Mkono, mkono, mkono. Kila ninapogeuza karatasi namtaja kwa jina, kimoyomoyo. Inasaidia.

Ijumaa, 21 Februari 1992

Mukantwari! Jirani wa namna gani huyu? Jana chumvi, leo kiberiti. Eti kitenge amekiona, lakini ana neno moja tu. Neno lake moja huanzia vitani huko kaskazini, likaishia kwa mke mwenzake. Nimemfokea dirishani. Amenuna. Anune!

(Mchana.) Nimepata dawa. Mumewe ana kitambaa cha koti kimelala sandukuni tangu mwaka juzi. Nitamshonea bure, naye asubuhi afunge mdomo. Amekubali, ingawa ilimuuma.

Jumapili, 8 Machi 1992

Ramadhani. Nilidhani njaa itanitetemesha mkono, kumbe umetulia zaidi. Leo nimekata koti lenyewe, kitambaa cha kweli! Hakikutosha kukunja, na kwapani itabidi niunge kipande. Nikakata mmoja mmoja. Nikageuza. Mkono wa kulia na wa kushoto – ndugu baba mmoja mama mmoja.

Nimeilaza mezani nikakaa kuitazama. Sikuiona mikono. Nilimwona yeye akiitazama. Namuwaza kutwa kucha utadhani mchumba! Hata futari hainishuki vizuri bila kumpangia aibu.

Jumatano, 18 Machi 1992

Mume wa Mukantwari alilivaa koti kwenye swala ya Ijumaa. Mtaa mzima wa Nyakabanda unaulizia fundi. Leo mteja mmoja akaropoka palepale dukani kwamba nimekata mimi. Rutayisire akanitazama, akaongeza sauti ili wasikie wote: "Na weye iko mkataji sasa? Kata sanda, binti. Sanda haina mikono."

Walicheka tena. Nikavua tepu shingoni, nikaiweka mezani, nikatoka. Sirudi. Nilitaka kuinyakua ile mikono yangu msumarini, lakini alikuwa amesimama chini yake. Nimelia njia nzima. Si kwa huzuni. Kwa hasira.

Jumatatu, 30 Machi 1992

Alhamdulillah! Alhamdulillah!

Mukantwari kaja mbio – alisubiri kitenge kitoke, maskini – pumzi hana. Kuna Hajji mmoja wa Kabuga, mfanyabiashara, alimpa Rutayisire kitambaa cha koti la Idi la mwanawe. Cha Dar es Salaam. Hakuna kingine mjini. Kidogo, hakikunjiki. Duka limejaa watu, redio inapiga kelele, fundi mwenyewe anapiga domo. Amekata mikono yote miwili ya kulia.

Ya kulia, jamani!

Nimecheka na saumu yangu. Nikaomba toba. Nikacheka tena.

Jumatano, 1 Aprili 1992

Asubuhi. Kitenge kiko nje, chaki iko mezani. Na Rutayisire yuko mlangoni!

Amebisha. Nikasema bila kufungua: kitenge hukukiona? Akasema, "Nimekiona, mwanangu. Mbabarira." Mwanangu! Na radhi ameiomba kwa Kinyarwanda, Kiswahili kwake ni cha kuamrisha tu. "Iko vipande kidogo vilibaki. Koti la mume wa Mukantwari nimelitazama, ndani na nje. Weye ndio unajua kuunga. Idi ni mwisho wa wiki, Hajji atanimaliza."

Ninajua kuunga, kweli. Nimeshaona kichwani ninavyoweza kuupata mkono wa kushoto kutoka vipande hivyo: mshono upite kwa ndani, chini ya kwapa, asiuone mtu. Lakini nimemwambia: kwanza kaitundike yako miwili ya kulia pembeni ya yangu. Msumari uleule. Mpaka Idi ipite.

Akajibu: "Hajji ataiona."

Ndiyo, nikasema. Na mke wa mwanajeshi ataiona.

Amekaa kizingitini. Namsikia akikohoa. Mama – mama yangu mzazi! – amempelekea kigoda. Sasa anauliza polepole: "Nikitundika, utafungua?"

Nimeshaenda hadi kwenye komeo nikarudi mezani. Ningesema ndiyo, angekwenda. Lakini namtaka akae hapohapo, aombe tena. Tena na tena.

Jua limeshafika kwenye cherehani ya Mama, saa yangu inakwisha. Karatasi iko mbele yangu nyeupe, hata mstari mmoja sijachora. Ameila na saa hii! Bila kuniita, bila chai, bila chenji. Amekaa tu nje ya mlango wangu.

Kigoda kimelia. Amesimama. Sijui anaondoka au anataka kubisha. Nimeshika chaki, na siwezi kutazama kitu kingine ila mlango.