Fyuzi Iko Mfukoni Mwangu, Baba

Baba,

Sikuulizi hali. Ulikolala napajua, nyuma ya jikoni, na mvua ya wiki hii imeushusha udongo wako. Nimeuongeza mwenyewe kwa jembe. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa ndugu yako.

Niliiba testa yako, ile bisibisi ndogo ya kupimia stima.

Siku ya kunyolewa baada ya mazishi, wazee walipokaa kugawa vitu vyako, Baba Mdogo alisema sanduku la kazi liende kwa Makokha, mtoto wa dada yenu. Koti lako alilichukua yeye mwenyewe. Sikujali koti. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Nekesa ndiye alikuwa anamshikia ngazi." Baba Mdogo akacheka. "Nekesa? Huyu anayejificha nyuma ya mlango wageni wakibisha? Amemaliza Form Four, atafutiwe kazi ya kupiga taipu. Stima si ya wasichana."

Unanijua, mbele ya watu mimi si msemaji. Lakini testa ilikuwa tayari ndani ya soksi yangu.

Unakumbuka ile kazi ya Mama Amoit hapa Malaba, vile vyumba vinne vipya nyuma ya gesti yake wanakolala madereva? Waya ulikuwa umeshazivuta zote kabla kifua hakijakulaza. Zilibaki swichi na holda za balbu tu. Siku ya mwisho hospitalini uliniuliza kama mvua imeingia kwenye mabomba ya waya. Nilidhani utaniambia jambo kubwa. Baba, uliniuliza mabomba.

Basi Makokha akaimalizia kazi hiyo. Wiki mbili hazikupita. Balbu ya chumba cha kwanza iliungua, Mama Amoit akazima swichi, akapanda juu ya stuli aibadilishe. Stima ikamtupa chini, mkono ukavunjika. Na Makokha akasimama barabarani mbele ya watu akasema waya za marehemu zimeoza, kwamba ulikuwa mgonjwa na hukujua tena unachokifanya, na zote zing'olewe. Jumapili hiyo watu walimtazama Mama kanisani kama mke wa mwizi.

Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonipandisha kwenye baiskeli.

Nilimkuta Makokha ameshaegemeza ngazi, plaizi yako mkononi. Mama Amoit alikuwa barazani, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Madereva walikuwa wanakunywa chai wakingoja karatasi zao za kuvukia mpaka. Mmoja akaniita, "Dada, ongeza sukari hapa!" Alidhani mimi ndiye wa chai.

Nikasema. Nilisema, Baba, kwa sauti ya kusikika! "Mama Amoit, naomba nizione hizo waya kabla hazijang'olewa."

"Utaona nini?" Makokha akaniuliza. "Stima inaonekana?"

Wakacheka. Masikio yalinichoma. "Haionekani," nikamwambia. "Ndiyo sababu inapimwa."

Mama Amoit akawakata kicheko. "Mwacheni. Aliyeanguka ni mimi, si nyinyi."

Nikapanda stuli ile ile. Swichi ilikuwa imezimwa, nilihakikisha mara mbili. Nikagusa ndani ya holda kwa ncha ya testa, kidole nyuma kama ulivyonifundisha, na kile kitaa chake kikawaka. Swichi imezimwa, holda bado ina moto, ina stima. Hapo nikajua waya hazijaoza, zimefungwa vibaya.

Nikaenda kwenye meni swichi, nikazima, nikaing'oa fyuzi nikaitia mfukoni mwa sketi. Redio ikanyamaza, na yule dereva akaruka. "Wee dada! Nilikuwa nasikiza mpira!" Makokha akasema niirudishe, kazi yenyewe ni ya dakika moja. Nikakataa. Ulikuwa unaniambia, "Fyuzi ikae mfukoni mwako, si juu ya meza. Ya mezani mtu mwema ataiona airudishe, akuue kwa wema wake."

Nikarudi nikafungua swichi ya chumba. Baba, bluu ndiyo ilikuwa imekatwa na kufungwa kwenye swichi, na kahawia imepita moja kwa moja mpaka kwenye balbu. Makokha si mjinga. Alijifunza kazi kule kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwenye mashine kubwa, na huko nyekundu ni moto, njano ni moto, bluu ni moto. Alipoona waya hizi za siku hizi zina kahawia na bluu tu, akaamini bluu yake. Hakupima. Swichi yake ikawa inakata waya ya kurudi. Balbu inazimika kweli, lakini moto unabaki pale juu unamngoja mtu.

Nilimwambia hivyo mbele yao. Swichi lazima ikate moto, basi. Nikaiunganisha bluu kwa kile kidude cha kaure chenye skrubu mbili, nikaikata kahawia nikaileta kwenye swichi, nikarudisha fyuzi nikapima tena. Swichi ikizimwa, testa kimya. Ikiwashwa, testa inawaka.

"Hata marehemu angekosea," Makokha akasema. "Rangi zenyewe ni mpya."

Ndipo nilipotazama ndani ya kifuniko cha meni swichi. Mwandiko wako, kwa penseli: *Kahawia moto. Bluu kurudi. Pima kwanza. W.* Mama Amoit akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma vizuri mpaka kwenye ile herufi yako, nikashindwa.

"Sikukifungua hicho kifuniko," Makokha akasema. Akaikunja ngazi akaondoka nayo, na Mama Amoit akanikabidhi vyumba vilivyobaki.

Jana jioni Baba Mdogo alikuja nyumbani amevaa koti lako. Alisema wazee wakishagawa hakuna cha kurudi, na testa ni ya sandukuni. Nilisimama mlangoni, mbele yake, si nyuma. Nikamwambia, "Sanduku likae huko. Testa sirudishi." Alinitazama kana kwamba ukuta umemsalimia. Mama aliendelea kupepeta wimbi kichwa kimeinama, lakini mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko.

Leo ni siku ya pili hapa kwa Mama Amoit. Bisibisi nimeazima, na ngazi ni meza juu ya meza. Chumba cha pili na cha tatu nimemaliza. Dereva wa chumba cha tatu alikuwa akichomeka pasi yake kwenye holda ya taa, nikamkatalia. Waya ya taa ni nyembamba, itachemka ndani ya bomba na hakuna atakayeiona. Akaniita mwalimu. Kuna mwenye duka ng'ambo ya barabara amekuja kuniuliza kama naweza kumwangalia taa zake. Aliniuliza mimi, Baba, hakumuuliza Mama Amoit.

Chumba cha nne kimebaki. Mama Amoit amechungulia mara tatu anataka redio yake, nami nimemwambia angoje. Nikimaliza nitaandika jina langu chini ya herufi yako, kwa penseli hiyo hiyo, nayo pia niliitoa sandukuni siku ile. Nakuahidi sitaandika jina langu mahali ambapo sijapima. Na mtu akisema tena kwamba waya zako zimeoza, nitamfungulia kifuniko asome mwenyewe.

Pumzika, Baba. Usihangaikie mabomba, ni makavu. Fyuzi iko mfukoni mwangu.

Nekesa