Sanda ya Mama na Malkia wa Misri

Mbinga,
9 Agosti 2002

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na je, dagaa wa usipa wameanza kupatikana huko ziwani? Mimi na cherehani yangu tu wazima, tena nina furaha mpaka majirani wananishangaa.

Mama, nimecheza filamu. Fakihi, yule mwenye duka anayepiga video za harusi, aliamua kutengeneza ya kutisha. Kisa amekitoa kwenye riwaya ya zamani ya Kizungu aliyosimuliwa na Mwalimu Aidan wa Kigonsera. Maiti ya malkia wa Misri, iliyokaushwa na kuviringishwa vitambaa, inaamka na kuwanyonga waliofukua kaburi lake. Malkia ndiye mimi. Fakihi alidai nina mwendo wa kifalme. Mwalimu akasema ni kwa sababu wenzangu wote walikataa.

Fedha ndiyo haikuwepo. Kaburi letu lilikuwa ghala la chama cha ushirika kule Matiri, tupu tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie. Nilipokuwa navikwa kwangu, bandeji za duka la dawa ziliishia begani. Nikatoa kitambaa kingine, tukakichana, tukakichemsha kwenye kahawa mpaka kikaonekana cha kale. Nilinukia kahawa wiki nzima. Siku ya kuonyesha, Mzee Ladislaus mchinja nguruwe alitoka mbio akaacha kiatu kimoja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi ijayo Fakihi anaileta kanda Mbamba Bay, na najua wewe na Mama Mdogo Hildegardi mtakaa mbele. Ndiyo maana naandika leo, nataka uyasikie kwangu kwanza. Malkia akinyanyua mkono, utauona msalaba mwekundu ulioudarizi mwenyewe. Kitambaa kile ni sanda yako, uliyonipa Pasaka nikushonee upindo. Betri ya kamera ilikuwa inakwisha, watu wananisubiri, nikaitazama pale kwenye rafu nikachukua mkasi. Nimeona aibu tangu siku ile. Nisamehe, Mama.

Nimenunua nyingine, pana zaidi, na msalaba nakuachia wewe. Ila upindo sitaushona leo wala kesho. Kila ukiulizia, nitakujibu cherehani imeharibika.

Msalimie sana Mama Mdogo. Usimwambie malkia ni nani. Mwache aogope kwanza.

Ni mimi binti yako, fundi asiye na haraka,

Vitalia