Dumu Lililobaki Gitega

Gitega, 14 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mlifika Gashoho salama, na kifua cha mama hakikusumbuliwa sana na vumbi. Mimi ni mzima, kazi ya duka la dawa inaendelea, wagonjwa hawaishi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inaita bila jibu tangu Jumapili, na mama akipokea ananiambia uko shambani. Baba, ni shamba gani hilo lisilo na jioni? Audax dereva amekubali kukuletea barua hii mkononi.

Asubuhi ya Jumamosi sijawahi kukuona na furaha kama ile. Kule Gishora ngoma zilipoanza ulivua kofia kama uko kanisani. Mama akataka kuigusa ngoma, yule mzee akamwambia mwanamke haipigi, na mama akamjibu kwamba atapiga sufuria zake akifika nyumbani. Mdogo wangu Kasilda alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha tukaenda makumbusho, kisha tukala chakula cha mchana kwa Mzee Abubakari pale Nyamugari, na kuanzia hapo sikusikia tena sauti yako. Uliingia kwenye gari bila kuniaga. Dumu lako umeliacha kwao.

Kosa langu moja nalijua. Nataka nisikie kutoka kwako kama ni hilo au kuna jingine.

Wasalimie mama na Kasilda.

Binti yako,
Jovina


Gashoho, 26 Januari 2025

Mwanangu Jovina,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo, Kasilda anamsimulia kila anayepita njiani habari za ngoma. Maharage yanaendelea vizuri. Hilo ndilo shamba uliloliulizia.

Unataka kusikia, basi sikia. Mimi nimezaliwa Ulyankulu, ukimbizini. Babu yako alikufa kule na Gitega ikiwa mdomoni mwake: mji wa wafalme, mlima wa ngoma, baridi yake, watu wake. Nimesubiri maisha yangu yote kuwaonyesha wanangu mji huo. Nikafika makumbusho, nikasimama mbele ya kibuyu na mirija iliyowekwa nyuma ya kioo, nikamwambia yule kijana mlinzi kwa Kirundi changu hiki cha kuchechemea kwamba ninacho kama hicho nyumbani na bado kinafanya kazi. Akanitazama, akauliza: «Nyie muko batouristes ya Tanzania?» Tanzania nilikuwa Mrundi. Burundi nimekuwa mtalii. Nikacheka naye, lakini iliniuma.

Ukaniambia twende tukapumzike kwa wazazi wa rafiki yako. Nikaingia nyumba ile, na kila mtu akaniamkia kwa Kiswahili. Hakuna aliyecheka ulimi wangu. Nitakuambia ukweli, siku ile nzima, mahali nilipojisikia nimefika kwetu ni palepale kwenye mkeka wa Mzee Abubakari, yule fundi cherehani. Ndiyo maana nikatoa dumu la urwarwa, pombe yetu ya ndizi, nililolibeba kutoka huku. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Kofia ya mzee niliiona, nikasema ni baridi ya Gitega. Na hata ningejua, rafiki yangu Ilyasi kule Ulyankulu alikuwa akienda msikitini Ijumaa na kunywa nami Jumamosi. Sikuwaza. Nikachovya mrija, nikaonja mimi kwanza kama inavyotakiwa, ili kila mtu aone hakuna sumu. Nikampa mwenye nyumba mrija. Akaushika. Akautazama. Akaniambia, «Ndugu, mi sinywi, lakini iko jirani yangu hapa.» Akamwita huyo Simoni, akampa mrija wangu. Mbele ya mke wangu na mtoto wangu.

Hilo ningelimeza. Lakini tukiwa tunatoka, mama wa nyumba, Bi Amisa, akakukumbatia mlangoni akakuita mkwe. Jovina, unajua ulichonifanyia? Kwetu upande wa kijana ndio hubeba pombe kwenda kwa baba wa msichana. Wewe umenichukua mimi, kwa jina la matembezi, ukanifikisha na pombe yangu mwenyewe kwa baba wa kijana. Nimekwenda kumwombea binti yangu mume, na pombe yangu ikakataliwa. Watu wa hapa wakisikia, hawataacha kunicheka mpaka nizikwe.

Baba yako,
Gervasi


Gitega, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mnaendelea. Nimempa Audax dawa ya kifua ya mama, anywe asubuhi na jioni baada ya kula, asiifiche kabatini kama ile ya mwaka jana.

Barua yako nimeisoma nimekaa nyuma ya duka, nikalia mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Sikufikiria habari ya dumu hata kidogo. Nilipoliona kwenye gari nilidhani ni la kunywa njiani na Audax. Kama ningejua, nisingekuacha uingie nalo.

Ni kweli nilikuficha. Othmani ni mchumba wangu, na nilijua nikikutajia jina lake kabla, usingekuja. Nilitaka uwapende kwanza, majina yafuate baadaye. Na uliwapenda, baba. Ulicheka na Mzee Abubakari habari za treni ya Tabora kama watu waliokua pamoja.

Kuhusu mrija, nimemuuliza. Anasema alijua kabisa maana ya kuonja kwako, naye ni Mrundi kama wewe. Dini yake haimruhusu kunywa, na kukurudishia mrija mkononi ingekuwa kukutukana. Ndiyo maana akamwita Simoni, ili pombe yako inywewe ndani ya nyumba yake, mbele yake, iwe imepokelewa. Hakujua kwamba wewe hujui habari ya uchumba. Yeye alidhani umekuja kwa moyo mkubwa kuvunja desturi ili kuwaheshimu. Amekuwa akiwasimulia watu jambo hilo kwa sifa. Sikuwa na uso wa kumwambia ukweli mpaka juzi.

Hakuna aliyeniomba nibadili dini. Wanataka kuja Gashoho kuposa, kwa njia ya sawasawa, mwisho wa mwezi huu kabla ya mfungo. Bila wewe kukaa kwenye kiti hakuna posa. Nakuomba.

Binti yako,
Jovina


Gashoho, 20 Februari 2025

Jovina,

Salamu. Tuko salama. Mama yako anameza dawa, nimemsimamia mwenyewe.

Wasije. Wakija hawatanikuta.

Leo hakuna aliyekuomba kitu. Watoto wakizaliwa wataombwa. Utavaa kama wao, utaitwa kama wao, na siku ya kunizika utasimama upande wa wageni. Nimezunguka nchi mbili kutafuta mahali ambapo watu wangu watakuwa watu wangu. Naogopa, mwanangu. Sina neno jingine la kuliita.

Baba yako


Gitega, 14 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua zimekuja kwa kiasi na mama hakohoi tena.

Nimechelewa kukujibu, kila nilipoanza barua niliichana. Niliwaambia wasije, hawakuja. Othmani anapita dukani, tunaongea habari za hali ya hewa kama majirani.

Barua hii sikumpa Audax. Anakuletea Mzee Abubakari mwenyewe, kwa gari la Audax. Amesema posa ni jambo jingine na dumu ni jambo jingine, na chombo cha mtu hakikai kwake mpaka mfungo uishe. Nimemweleza ulivyoandika, kwamba hutakuwepo. Akaniambia, «Nitamkuta mama.»

Sitakwenda kwa Othmani bila wewe. Usiogope kwamba nitatoroka, mimi si wa hivyo. Ukisema hapana mara ya pili, nitaipokea, na nitaendelea kuwa mwanao. Ila sitakuficha tena kitu, kwa hiyo na hili ujue: nitahuzunika kwa muda mrefu sana.

Binti yako,
Jovina


Gashoho, 17 Machi 2025

Mwanangu Jovina,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako ni mzima, ila hajaongea nami vizuri tangu Jumamosi, na utajua sababu.

Mzee alifika baada ya saa sita mchana. Nilimwona Audax akikata kona, nikashika jembe nikaenda migombani. Nilikaa huko, Jovina, mtu mzima na mvi zangu, nikichungulia nyumba yangu kupitia majani ya migomba. Mama yako akamtolea kiti, akamletea maji. Akakataa. Mama yako akayaonja mbele yake, akamsogezea tena. Akakataa tena, ameshika kifua kwa adabu. Nikasema moyoni, huyo hapo, hata maji ya nyumba yangu anayaogopa, na nikafurahi kwamba nimepata sababu.

Aliendelea kukaa. Jua lilimfuata mpaka kwenye kiti, akahamisha kiti, akakaa. Hakuuliza niko wapi. Jioni Kasilda akaja migombani na mama yake nyuma yake, alikuwa amekwisha kumuuliza mgeni sababu, na mama yako akaniambia maneno ambayo sitayaandika. La mwisho ndilo hili: «Mtu amefunga, Gervasi. Hajameza hata mate tangu alfajiri, ametoka Gitega, na wewe umejificha nyuma ya ndizi.»

Kuhusu mfungo sikuwa nimekumbuka hata kidogo. Uliutaja Februari nikasahau, na barua iliyoutaja tena ilikuwa mfukoni mwake bado.

Nikarudi nyumbani. Alikuwa ametoa tende mbili kwenye leso, anatazama upande wa magharibi. Hatukusalimiana. Nikachukua kikombe, nikachota maji, nikasimama naye mpaka jua likazama. Nikaonja mimi, nikampa. Akala tende moja, akanipa ya pili, akanywa maji yote. Kisha akaswali pale kwenye mkeka wa mama yako, nami nikakaa pembeni nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Dumu hakulirudisha tupu. Amelijaza mawese ya Rumonge, mazuri, mekundu. Mama yako anasema halitafaa tena kwa urwarwa, harufu ya mawese haitoki kwenye plastiki hata ukiliosha kwa maji ya moto.

Barua yako alinipa wakati anapanda gari. Niliisoma peke yangu. Hofu yangu haijaondoka, usidhani. Ile ya kuzikwa bado ninayo, na majina ya wajukuu bado yananiamsha usiku. Lakini nilifikiri pia kwamba kama mama yako asingenifuata, mtu yule angefuturu barabarani, kwenye gari la Audax, mbele ya mlango wangu. Na mimi ndiye ninayelia kwamba watu hawanipokei.

Waje baada ya Idi. Mwambie Mzee alete soda, na Simoni alete mrija wake. Nitakuwa kwenye kiti.

Baba yako,
Gervasi