Jukwaa la Timu ya Sabuni

Kwako dada yangu mpendwa, mkubwa wangu uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Natumaini barua hii itakukuta na uzima, wewe na shemeji na wapwa zangu watatu, na kwamba lile goti lako limepoa, ngazi unazipanda bila kushika ukuta. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, chuma bado hakijashika kutu. Juzi tu hapa kiwandani nilibeba peke yangu sanduku la miche ya sabuni ambalo vijana wanne walikuwa wamelizunguka wakilitazama kama maiti ya mtu wasiyemjua. Jino moja ndilo linanisumbua, nalo ni la nyuma, halionekani nikicheka.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikajivuna, mara ya tatu nikatafuta mahali pa kukaa. Unasema mnakuja wote watano Jumapili kutazama fainali yetu, jezi mpya za buluu mmeshazishona majina, na kwamba Mwenyekiti mwenyewe amewawekea nafasi katikati ya jukwaa, mstari wa tatu, kwa sababu ulimwambia wewe ni dada wa yule shabiki wa tangu zamani. Dada, msije. Na kama lazima mje, msikanyage jukwaa lile hata kwa unyayo mmoja. Nisome mpaka mwisho, ingawa mimi ndiye niliyekuzoesha kunisikiliza nusu nusu.

Najua utasema huyu anatuonea wivu. Labda una haki. Unakumbuka ulipokuja mwaka ule nikakupeleka uwanjani, ukakaa robo saa, ukaniuliza kama wanaume ishirini na wawili wazima hawana kazi nyumbani mpaka wagombee kitu kimoja kwenye maji ya sabuni. Nilicheka, lakini liliniuma. Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda, na maji machafu yanapita chini yake kwenye mfereji, kweli, mvua ikinyesha mpira unatoa povu. Lakini ni wetu. Tulikuwa mashabiki arobaini na mmoja, nawajua wote kwa kikohozi. Timu ilikuwa ikifungwa sita, tunarudi. Inafungwa tisa, tunarudi na miamvuli. Siku moja nilimpigia refa ukelele mmoja tu akameza kipenga, na wiki nzima akivuta pumzi kinalia. Siku nyingine beki wetu aliupiga mpira juu, tukaenda mapumziko, tukanywa chai, ukashuka kipindi cha pili na kuingia golini. Hayo nimeyasimulia sana, na watu wanacheka sana, na leo ndiyo naona hasara yake.

Wakati huo watu wa mtaa huu walikuwa wapi? Walikuwa wamejazana kwenye duka la muuza televisheni, wakishangilia timu za ng'ambo, wakilia machozi kwa ajili ya mchezaji ambaye hata akipita hapa hatawasalimia. Muuza televisheni huyo tunamwita Bwana Skafu, kwa kuwa hata jua likiwa la kupasua mawe hatoi skafu shingoni. Sisi tukipita na jezi zetu zilizopauka, alikuwa akisimama mlangoni na kutuuliza kama tunakwenda mechini au kufua.

Basi mwaka huu tukapata kipa mwenye mikono mirefu kama ngazi ya fundi umeme, na Mungu naye akachoka kutuona tukidharauliwa. Tukashinda mmoja, tukashinda wa pili, tukaingia robo fainali ya kombe. Lo! Jumapili moja nafika uwanjani nakuta watu mia mbili. Wiki iliyofuata wamekuwa mia tatu na ushei. Bwana Skafu amebadilisha skafu, sasa ni ya buluu, na anasimulia historia ya timu kana kwamba alizaliwa katikati ya uwanja. Wanasema bendera hufuata upepo. Huyu, dada, ni bendera na mlingoti na kamba yake. Mwezi haukwisha, wakamfanya Mwenyekiti. Sisi arobaini na mmoja tulinyoosha mikono ya kukataa, lakini mikono arobaini na mmoja mbele ya mia tatu ni kama kupiga chafya kwenye tufani.

Kuelekea nusu fainali ndipo waliponivunja moyo. Kiti changu unakijua, ubao wa kati, mstari wa tatu, pale ambapo miaka kumi na tisa ya makalio yangu imechimba umbo lake. Barua ya Mwenyekiti ilibandikwa getini wiki moja kabla: katikati ni sehemu ya heshima, haikaliwi ila na mwenye jezi mpya. Nilimfuata dukani kumweleza. Akaniambia kwa upole sana, mbele ya wateja, kwamba timu inanishukuru kwa subira, na kwamba nyuma ya goli pana nyasi nzuri. Mteja mmoja akasema ati mzee akikaa nyasini hata povu litamfikia. Wakacheka wote. Mimi nami nikacheka, dada, maana ukichekwa peke yako ni vibaya zaidi.

Sasa nikueleze jambo ambalo katika maisha yangu yote ya kujisifu sikuwahi kujisifia. Jukwaa lile la mbao linasimama juu ya nguzo kumi na mbili, na udongo chini yake, kwa sababu ya mfereji, ni laini kama uji. Kila wiki nguzo zinazama kidogo. Aliyekuwa mtunza uwanja kabla yangu alinifundisha kazi yake kabla hajafa: kila siku ya mechi, saa moja asubuhi, kabla mtu hajafika, unaingia chini ya jukwaa kwa magoti, na kila nguzo unaigongea kabari yake kwa nyundo mpaka boriti ikae sawa. Kabari kumi na mbili za mti mgumu. Aliniapisha nisimwambie mtu, maana watu wakijua wamekalia kabari hawatakaa tena, na timu bila jukwaa haisajiliwi. Kwa miaka kumi na tisa nimetambaa kwenye matope yale. Watu wale wote niliwashika mimi, na nikitoka nanawa mikono napanda juu kukaa nao, sisemi neno.

Siku ya nusu fainali, dakika ya sabini, kijana wetu wa kushoto akafunga. Jukwaa zima likaruka. Mimi nilikuwa nyasini nyuma ya goli, nikaisikia sauti. Haikuwa ya ubao, ilikuwa kama mtu mkubwa amevunja mfupa akajizuia kulia. Nikatazama: jukwaa limeshuka katikati, kiasi cha shubiri, na limelala nyuma kidogo. Nao, dada yangu, wakacheka! Wakasema jukwaa linacheza! Bwana Skafu akainua mikono, wakaanza kuruka kwa pamoja, moja, mbili, tatu, makusudi, ili licheze tena. Watu mia nne uwanjani walikuwa wakipiga kelele za furaha na mimi peke yangu nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Kesho yake niliingia chini. Nguzo ya sita imeinama. Boriti ya kati imepasuka urefu wa mkono wangu, na ufa unapokea vidole vinne bila kubisha hodi. Nilijaribu kugonga, nikagonga mpaka nyundo ikaniponyoka. Pale kabari ilipokuwa ikiingia hapana nafasi tena, uzito umekwisha kushuka na kukaa.

Nikaenda dukani kwa Bwana Skafu. Nikamwambia jukwaa litaanguka. Akaniuliza, mbele ya wateja walewale, kama litaanguka kipindi hiki au kama ule mpira wangu, tukanywe kwanza chai. Nikaapa. Akasema niliapa pia kuhusu kipenga. Kisha akanishika bega akaniambia niache kijicho, timu si mke wangu, na kwamba kwa ajili ya fainali wanaongeza mabenchi mawili juu. Wameyaongeza, nimeyaona. Wamelipaka rangi jukwaa lote, buluu inayong'aa, na ule ufa wameujaza rangi hata ukipita karibu huuoni. Linapendeza, dada. Ungeliona ungependa kupigwa picha mbele yake.

Nikaona niende kwa rafiki yangu mshona viatu, ambaye amekaa mkono wangu wa kulia tangu siku ya kwanza. Nilidhani huyu angalau ataniamini. Akaniamini. Akaweka chini sindano, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ya chini ninyamaze. Akasema wameletwa na upepo, waache upepo uwachukue. Sisi tutakuwa nyasini, hakuna wetu atakayeumia. Kisha akaokota kiatu akaendelea kushona. Nilitoka pale. Na kilichonitisha, dada, si kwamba maneno yale yalikuwa mageni. Niliyajua. Nilikuwa nimeyasema mwenyewe moyoni, neno kwa neno, wiki mbili kabla.

Basi nikwambie. Nimekwepa kurasa tatu, sasa nikwambie.

Jukwaa halikushuka kwa uzito wa watu peke yake. Asubuhi ya nusu fainali niliingia chini kama kawaida, nyundo mkononi. Nilipofika nguzo za kati, chini ya ile sehemu yao ya heshima, nilisimama. Nikayakumbuka yale maneno ya nyasi nzuri. Na badala ya kuzigongea ndani kabari, nikazigonga kutoka. Nne. Nguzo ya tano, ya sita, ya saba na ya nane. Nikazitia mfukoni. Naapa kwa tumbo lililotuzaa sikutaka mtu afe. Nilitaka ubao ulegee, Bwana Skafu ateleze na skafu yake, watu wamcheke yeye kama walivyonicheka mimi, kisha niingie na nyundo yangu niwe ndiye mwokozi. Nilikuwa nimeshaanza kuitunga hadithi yake, jinsi nitakavyoisimulia. Kumbe mti hauna utani.

Nilipopata barua yako nikaona mstari wa tatu, katikati. Ni juu ya nguzo ya sita kabisa. Nilikimbilia simu nikakupigia, ukapokea, wapwa zangu wakawa wanaimba nyuma wimbo wa timu, nikakuuliza habari za goti, nikakata. Mdomo wangu, ukianza, unatia chumvi wenyewe. Kalamu inanichelewesha, nimeishia darasa la tano, nayo leo imenifaa.

Mwanzo niliwaza nikuandikie wewe tu usije, basi. Nikaanza barua hivyo. Lakini mke wa yule mteja aliyenicheka nimemwona jana akinunua vitambaa vya buluu kwa watoto wake, anawapimia mabegani palepale kwenye duka la nguo, na mmoja hajaota meno ya mbele. Nikaichana ile karatasi.

Kwa hiyo hapa ninapokuandikia nimeketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mhandisi wa majengo wa mji. Kwa mdomo wangu hakuna atakayeniamini, kwa hiyo nimekuja na kabari zote nne, ziko mapajani kwenye gazeti, pamoja na karatasi ya pili niliyoandika bila salamu, niliyotia sahihi na dole gumba vyote viwili. Najua kitakachofuata. Jukwaa litafungwa. Fainali itahamishiwa uwanja wa wapinzani wetu, na vijana wetu, wa timu iliyoisubiri fainali miaka ishirini na sita, watacheza mbele ya watu wanaowazomea. Kama tutafungwa, itakuwa juu yangu. Mshona viatu hatanipa tena mkono, wala wale wengine thelathini na tisa. Kiwandani sijui. Polisi sijui. Getini najua: sitapita tena pale nikiwa hai. Mtu aliyewapenda kuliko wote ndiye atakayewanyang'anya siku yao, na wale wa upepo ndio watakaosema waliniambia mapema niache kijicho.

Na bado naogopa jambo jingine kuliko yote hayo. Karani amenieleza kwamba mhandisi yuko safarini, pengine atarudi leo, pengine Ijumaa, pengine Jumamosi jioni. Msaidizi wake ameniangalia jezi, akaniuliza kwa tabasamu kama mimi si yule mzee wa mpira ulioshuka baada ya chai. Ana skafu ya buluu kwenye kiti chake. Nimemwambia nitangoja. Huko nje nasikia gari la matangazo linapita, linawaita watu wote waje Jumapili mapema, nafasi za jukwaani zinakwisha.

Barua hii namkabidhi dereva wa basi la mchana akupe mkononi. Ukiisoma, usinijibu. Mpigie kila unayemjua aliyepanga kuja Jumapili, mmoja mmoja, uwaambie mdogo wako amefanya nini. Useme jina langu, usinifunike. Wewe hawajakuzoea kwa uongo.

Nisalimie shemeji, umwambie ile hadithi ya kuchekesha niliyomwahidi nimeifuta. Wabusu wapwa zangu watatu kwenye vipaji vya nyuso, na yule wa mwisho mfiche jezi mpaka Jumatatu hata akilia. Majirani wote wanaoniulizia, wape habari za kweli. Goti lako ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni.

Msaidizi anafunga dirisha kwa ajili ya chakula. Mimi siondoki hapa.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
mjomba wa watoto wako,
mgonga kabari wa Timu ya Sabuni.